Uji wa Gesare

Magwagwa, Nyamira
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako Mama Gesare,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, chai imechipuka vizuri tangu mvua za Krismasi, na wifi yako Sheila amerudi shuleni kwake kufundisha, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi na goti langu bovu. Mwanangu Jethro ameniambia umepata sare nyingi za kushona mwezi huu wa kufungua shule. Hongera. Mkono wako wa kushona sijawahi kuutilia shaka.

Utashangaa kupata barua zama hizi ambapo hata kuku wanakaribia kuwa na simu. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu tulipandishiana sauti mpaka Jethro akaikata. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, sikuzoea kukatizwa. Wewe pia hukubali kukatizwa, hilo nimeliona. Kwenye karatasi kila mtu atafika mwisho wa sentensi yake. Nitaandika Kiswahili, maana Kijaluo sikijui na Ekegusii chako kinaishia kwenye "bwakire" ya kuamkiana asubuhi. Mose huja huko Keumbu kila Alhamisi kununua ndizi. Yeye atatubebea.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Siku ya Krismasi ulimpokonya mjukuu wangu kipande cha chapati mbele ya shangazi zake wote, ukamwosha mikono kama aliyeshika sumu. Mtoto alilia mpaka akapaliwa. Watu walinitazama mimi. Baadaye nilimwomba Jethro ile karatasi ya maabara nikaisoma kwa miwani yangu mwenyewe. Imeandikwa "hasi". Hasi ni hasi, Mama Gesare.

Daktari wako anasema ugonjwa huu wa seliaki, wa mwili kukataa ngano, "unashukiwa". Mtoto hanyimwi chakula kwa kushuku. Nitakuambia ninavyofikiri, usinikasirikie: wewe unaogopa, na hofu ya mama huingia tumboni mwa mtoto. Akiona uso wako umebadilika, tumbo lake nalo hubadilika.

Hata hivyo mimi si mtu wa maneno matupu. Nimekutumia unga wa wimbi, makopo mawili ya gorogoro. Wimbi lenyewe nimelipanda, nimelivuna, nimelianika kwenye mkeka wangu na kuokota vijiwe kimoja kimoja. Jumatatu nililipeleka kwa mashine ya kusaga ya Haron. Foleni ilifika barabarani, lakini watu waliponiona walisema, "Mwalimu apite," nikapita hadi mbele. Ni miaka tisa tangu nistaafu na bado wananipisha! Mpe uji asubuhi na obokima jioni. Huo ugali wa wimbi ndio uliotusimamisha sisi sote, baba yake akiwemo. Hapo hutasema kuna ngano.

Mwambie Gesare magokoro anamkumbuka. Atalijua neno hilo kabla hajajua "bibi".

Mama mkwe wako,
Phanice Mong'ina


Keumbu, Kisii
2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mimi na Gesare tupo, Jethro yuko kiwandani huko Nyamache na atakuja Ijumaa. Hongera kwa ndama. Nimeshona sare themanini na mbili tangu mwaka uanze, na kidole changu kina matundu kama chujio. Gesare anaongea sasa. Akiona ndege anasema "winyo" kama watu wetu, akiona mbwa anasema "esese" kama watu wenu, na akitaka kubebwa anasema "juu". Ndiyo kwanza anafikisha miaka miwili mwezi huu. Majirani wanamwita mkalimani na mimi najifanya sijavimba kichwa.

Ahsante kwa unga. Ulifika salama.

Umeniandikia bila kuficha, nami nitajaribu. Daktari alipoiona karatasi ile hakufurahi. Aliniuliza, "Mtoto aliacha ngano lini?" Nikasema wiki saba kabla ya kupimwa. Akashika kichwa. Alinieleza kwamba kwa watu wa namna hii mwili hupigana na ngano, na kipimo hutafuta alama za vita hivyo ndani ya damu. Ngano ikishaondoka, alama nazo hufifia. Kwa hiyo hasi ile haisemi ndiyo wala la. Kosa ni langu. Nilimwondolea ngano kabla ya kupimwa kwa sababu nilichoka kumwona akiisha.

Wewe hukumwona Oktoba, Mama. Tumbo lilikuwa kubwa na gumu, mikono na miguu ilikuwa vijiti. Alihara mara sita kwa siku, na harufu yake hata jirani wa ukuta wa pili aliijua. Alikuwa ameanza kutembea, akarudi kukaa. Kilo saba na nusu kwa miezi ishirini! Nikaacha kumpa mkate, mandazi, biskuti na chapati, na baadaye daktari akasema maziwa nayo yapumzishwe mpaka tumbo lipone. Baada ya wiki mbili akasimama. Baada ya mwezi akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyosikika. Niliinamia cherehani nikalia juu ya kola ya mtu.

Kuhusu chapati ya Krismasi, nisamehe kwa kukuaibisha mbele ya watu. Kwa kuichukua siwezi kuomba msamaha.

Alipata shida kidogo ya tumbo mwishoni mwa Januari, lakini anaendelea vizuri.

Wako,
Nereah Akumu


Magwagwa
16 Machi 2025

Kwako Mama Gesare,

Sisi tu wazima. Mvua imeanza kwa fujo, imeangusha migomba mitatu nyuma ya jiko. Goti langu lilitangaza mapema kuliko redio.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mambo ya Oktoba sikuyajua. Jethro aliniambia, "Mtoto ana homa kidogo." Mwanangu huyo hata nyumba ikiungua atasema kuna moshi kidogo. Pole sana. Ungeniita ningekuja hata kwa magongo.

Lakini umeniambia kila kitu isipokuwa kimoja. Uji ulikuwaje? Mtu akipika huambiwa, na mimi nasubiri kusifiwa. Natuma gorogoro tatu nyingine, nimezisaga pamoja na zile za kwanza, mfuko mmoja.

Kuhusu kipimo, mimi naona hivi: mtihani ukivurugika, hurudiwa. Kama karatasi ile haisemi kitu, apimwe upya ili iseme, na mimi nitanyamaza.

Phanice Mong'ina


Keumbu
20 Aprili 2025

Mama,

Heri ya Pasaka. Tumetoka kanisani sasa hivi. Gesare alipiga makofi wakati wa sala, si wakati wa wimbo.

Unga ulifika. Ahsante. Umekwisha.

Ili kipimo kirudiwe na kiseme kweli, Gesare atalazimika kula ngano kila siku kwa wiki kadhaa. Daktari amesema tunaweza kungoja akue, apate nguvu, huku akipimwa uzito kila mwezi. Nimeamua tungoje. Siwezi kumrudisha mtoto kwenye Oktoba ili karatasi ipate la kusema. Jethro amekubali.

Tafadhali usitume unga tena. Una goti.

Akumu


Magwagwa
1 Juni 2025

Nereah,

Leo hakuna habari za ng'ombe.

Jethro alikuja wiki iliyopita kunitengenezea paa la jiko. Wakati wa kuondoka nilimfungia unga. Akasema, bila kufikiri, "Mama, usijisumbue, ule wa Machi ulienda kwa kuku wa jirani." Alipouona uso wangu akainama kufunga viatu. Kila nilipomuuliza sababu akasema, "Mimi sijui. Muulize Akumu."

Nakuuliza. Niliokota vijiwe kwenye wimbi lile kwa macho haya ya miaka sitini na tisa. Kuku! Nawe ukaniandikia "umekwisha". Si uongo, umekwisha kweli, umemalizwa na kuku. Kama chakula cha nyumba hii hakifai mezani kwako, sema. Kama ni kwa sababu kimetoka kwa Wakisii, sema pia. Niliipinga ndoa hii mwaka mzima, mimi najua na wewe unajua. Lakini nilipoacha kupinga niliacha kabisa, sikubakiza.

Nimemwambia Mose Alhamisi asirudi bila jibu.

Phanice Mong'ina


Keumbu
5 Juni 2025

Mama,

Mose amekaa kwenye kiti cha wateja wangu na anasema haondoki. Kwa hiyo sina nafasi ya kupamba maneno.

Unga wako wa kwanza nilimpa Gesare Jumamosi, tarehe kumi na nane Januari. Nilifurahi sana. Nilimwambia, "Huu ni wa magokoro," akalamba kikombe mpaka chini. Jumapili akaomba tena. Jumanne tumbo likavimba. Jumatano akahara mara saba. Nikadhani ni maji, nikaanza kuchemsha maji mara mbili. Uji niliendelea kumpa kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho. Siku tisa, Mama. Nilimlisha kwa mkono wangu siku tisa. Alipoteza gramu mia sita. Nilipoacha uji, akaanza kupona.

Ile barua ya Februari niliiandika akiwa amelala mgongoni kwangu, hana nguvu hata ya kulia. Nikakuandikia "shida kidogo".

Kwa nini sikusema? Kwa sababu niliamini umetia ngano makusudi. Basi, nimeandika. Niliwaza kwamba ulichukua konzi ya unga wa ngano ukachanganya, uone kama mtoto ataumwa mimi nikiwa sijui. Ulikuwa umeniambia hofu yangu ndiyo inayomuumiza. Nikasema, huyu ni mwalimu, anatafuta ushahidi. Singeweza kumwambia Jethro kwamba namdhania mama yake jambo kama hilo, na wewe singeweza kukuambia. Nikachagua kuku.

Kama nimekukosea, nimekukosea vibaya sana, na sijui nitakutazamaje. Kama sijakukosea, usimtumie mwanangu chochote tena.

Akumu


Magwagwa
27 Julai 2025

Kwako Akumu,

Wiki saba. Najua ni nyingi. Ya kwanza nililia, ya pili nilikasirika, ya tatu nikaanza kufikiri, na huko ndiko nilikopaswa kuanzia.

Sikutia ngano. Nasema hivyo mbele za Nyasae, ambaye kwenu mnamwita Nyasaye, kwa hiyo anatusikia sote wawili. Ungeniita mwizi ningeumia kidogo kuliko hivi.

Lakini maumivu yalipopungua, nikaisoma barua yako kama mwalimu. Mtoto aliumwa na uji. Wewe uji ule hukuuogopa, uliuamini, ukampa siku tisa kwa furaha. Mimi sikuuogopa. Mtoto mwenyewe alilamba kikombe. Sasa hofu ilitoka wapi? Haikuwepo kwa mtu yeyote, na bado tumbo lilijua. Nilivua miwani nikakaa. Yale niliyokuandikia Januari kuhusu hofu ya mama hayakuwa na mguu wa kusimamia tena.

Nikaenda kwa Haron. Nikamuuliza, "Jumatatu ile ya Januari niliyopishwa, mbele yangu alisaga nani?"

Akacheka. "Mwalimu, hiyo siku naikumbuka. Alikuwa mama ya bwana harusi, na gunia la ngano kutoka Narok, ya chapati za harusi. Nyuma yake alikuwa Mzee Obwocha na wimbi yake. Ndiye akasema Mwalimu apite."

"Na mashine uliifuta?"

"Kufuta ya nini? Mashine haichagui. Ya huyu inatoka na ya yule. Wenye kujua hupanga foleni nyuma ya mtu mwenye nafaka kama yao."

Mimi sikuwa nikijua. Nimezaliwa hapa, nimesaga hapa maisha yangu yote, na sikuwahi kujua, kwa sababu tangu niitwe Mwalimu sijawahi kukaa kwenye foleni nikasikia wanayoambiana.

Hata hapo sikutosheka. Nilienda kwa Haron kila asubuhi nikingoja mtu alete ngano, na ilinichukua siku kumi na moja. Watu walidhani nimerukwa na akili. Ngano ilipokwisha kusagwa nikamwambia Haron amimine wimbi langu, nami nikakinga bakuli baada ya bakuli. La kwanza lilitoka jeupe. La pili lilikuwa rangi ya majivu. Ni la tatu ndilo lililoanza kuwa jekundu la wimbi. Januari nilikinga yote kwenye ndoo moja nikiwapungia mkono walionipisha.

Ningesimama kwenye foleni kama watu wengine, ngano ile ingeishia kwa Mzee Obwocha, ambaye tumbo lake linaweza kusaga misumari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi ni Msabato, tembo sijalionja, lakini methali hiyo nimeifundisha miaka yote hiyo nikidhani inawahusu wengine.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi kwamba ngano imo. Ulikosea nia tu. Nisamehe siku zile tisa. Zinaniuma. Nikimkumbuka akilamba kikombe nashindwa kula. Na habari ya kipimo, daktari ndiye aseme wakati wake. Mimi sina haja tena ya karatasi.

Unga huu nimeusaga kwa jiwe. Ni jiwe la mama mkwe wangu, lilikuwa limeegemea mlango wa banda la kuku tangu azikwe. Nimelisugua kwa mchanga na maji ya moto mara nne. Saa mbili kwa kila gorogoro, nimepiga goti moja kwa sababu la pili halikunjiki. Mikono imechubuka na sijawahi kujivunia unga namna hii. Si lazima umpe. Ukiwapa kuku sitauliza.

Phanice


Keumbu
17 Agosti 2025

Mama,

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga duka. Mteja aligonga nikamwambia fundi ni mgonjwa. Niliona haya, na nilifurahi, na sikujua nianze na kipi. Nisamehe kwa nililolidhania. Nimekaa nalo miezi sita kama pini iliyoachwa kwenye nguo.

Uji niliuonja mimi kwanza, sijui kwa nini, mimi ngano hainidhuru. Kisha nikampa Gesare vijiko viwili. Kesho yake vitano. Nimengoja siku tisa, makusudi, kabla ya kukuandikia. Leo amemaliza kikombe kizima, tumbo ni laini, na ameanza kupanda juu ya meza. Nikimpa uji mwingine anasukuma. "Wa magokoro," anasema, na anaangalia mlangoni kama kwamba utaingia.

Nami nina jambo nililolificha. Jethro nilimkataza kusema. Nina mimba ya miezi sita. Niliogopa utasema, huyu ameshindwa na mmoja, anaongeza wa pili. Gesare nilimzaa kwa upasuaji, na Novemba watanipasua tena. Sitaweza kumbeba wala kumpikia kwa wiki nyingi. Mama yangu, kama ujuavyo, alishatutangulia. Dada yangu ana moyo mzuri, lakini kila siku ananiambia, "Kidogo tu hakitamdhuru." Mtu wa "kidogo tu" siwezi kumwachia.

Nimewapitia wote ninaowajua, mmoja mmoja. Aliyewahi kusimama siku kumi na moja akingoja ngano ya mtu mwingine ni mmoja tu. Utamchukua Gesare?

Atakuja na sufuria yake, mwiko wake na chujio lake. Usinielewe vibaya, vyombo vyako ni visafi kuliko vyangu. Ni kwamba vimeshapika chapati miaka arobaini.

Wako,
Akumu


Magwagwa
23 Novemba 2025

Binti yangu Akumu,

Pole kwa kisu na hongera kwa mvulana. Jethro amenionyesha picha. Ana paji la uso la watu wenu, pana, na limemkaa vizuri. Usiguse cherehani hata ukisikia shule zote za Kisii ziko uchi. Kula, lala, nyonyesha. Nasikia Jethro anapika. Mwambie nimesikia na bado siamini.

Gesare ni mzima. Hii ni wiki ya tano na nyumba hii haijaona ngano tangu alipoingia. Sheila alikuja na mkate mkononi, nikamwambia aumalize huko huko nje. Aliula akiwa amesimama getini kama mgeni, kisha nikamletea maji ya kunawa. Alilalamika kwamba hajawahi kufukuzwa nyumbani kwao kwa ajili ya mkate. Nikamwambia kila jambo lina siku yake ya kwanza. Maziwa sijampa hata tone, kama ulivyoagiza, ingawa naona ng'ombe amenuna. Anakula obokima, mboga za chinsaga, ndizi za kupika na viazi. Omena zako, dagaa za ziwani kwenu, nimejifunza kuzipika. Za kwanza alizitema, za pili tulizitema wote, za tatu akaomba nyongeza. Hadi leo nasaga kwa jiwe, naye hukaa kando yangu na kajiwe kake akisaga mchanga.

Lakini umelea hakimu! Kila kitu anakiuliza: "Ina ngano?" Chumvi, sabuni, dawa yangu ya goti. Sabato ya juzi mchungaji alimwinamia kumsalimia, akamuuliza kama Biblia yake ina ngano. Mchungaji, kwa uaminifu wake, akasema imo, tena sehemu nyingi. Mtoto akarudi nyuma hatua tatu na akakataa kumpa mkono. Ibada nzima nilikuwa nacheka ndani ya leso.

Siku hiyo hiyo, baada ya ibada, tulikula pamoja nje ya kanisa. Nilikuwa nimembebea chakula chake. Nilipogeuka kuchukua kijiko, mama mmoja alishamnyooshea andazi, moto, lenye kunukia. Mimi nilikuwa mbali, goti halikuniruhusu kuruka. Nilifungua mdomo nipige kelele, na kabla sauti haijatoka nikamwona Gesare ameficha mikono yote miwili mgongoni. Akasema kwa Ekegusii safi kwamba tumbo lake halilitaki. Yule mama akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika meza nzima, "Siku hizi Mwalimu anaongozwa na mke wa mwanawe." Wenzake wakacheka. Zamani ningetafuta la kumjibu lenye miba. Nikasema ni kweli, na anaongoza vizuri, na anayetaka kujifunza aje nyumbani. Wawili wamekuja. Mmoja ana mjukuu mwenye tumbo kama la Gesare la Oktoba ile. Nimemwambia asimwondolee chochote kabla ya kumpeleka kwa daktari apimwe. Hilo nimelijifunza kwako.

Ijumaa nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Kilo kumi na mbili na gramu mia tatu. Muuguzi alimpima mara mbili kwa sababu hakuamini. Akafungua kadi, akafuata kwa kidole ule mstari unaoshuka, kisha unaopanda, unaoshuka kidogo Januari, kisha unaopanda tu hadi mwisho wa karatasi. Akamwita mwenzake aje aone. Kisha akanigeukia, anatabasamu, ameshajiandaa kunipongeza. Akaniuliza, "Mtoto huyu analishwa na nani?"

Nikamwambia, "Na mama yake. Mimi nasonga tu."

Mama yako,
Phanice